Wakristo na Waislamu Bega kwa Bega Dhidi ya Chuki ya Kidini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na waumini wa pande zote mbili, mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya ibada, na mara nyingi zaidi baada ya damu kumwagika mahali fulani. Tumeyajibu yote, hata yale yanayouma. Msimamo wetu tunautaja mapema: mshikamano wenye thamani ni ule unaomfanya muumini amzuie mtu wa dini yake mwenyewe anapotaka kumdhulumu wa dini nyingine. Kumlaani mkosaji wa upande wa pili ni rahisi, kila mtu anaweza.

Mnaposema mshikamano, mnataka tuchanganye dini?

Hapana. Mkristo anaamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa na akafufuka. Mwislamu anaamini kwamba Isa mwana wa Mariamu ni nabii mtukufu, na kwamba Muhammad ndiye mtume wa mwisho. Hakuna kikao kitakachoondoa tofauti hiyo, wala hatuitishi kikao cha namna hiyo. Anayelazimisha dini zote ziwe kitu kimoja huwafukuza walewale wanaohitajika zaidi katika kazi hii, yaani waumini walioishika dini yao barabara.

Tunachotaka ni kwamba jirani asali bila hofu, azike wafu wake kwa heshima, mtoto wake asidhihakiwe shuleni kwa sababu ya jina au vazi, na siku akivamiwa ajue ni mlango gani wa kukimbilia.

Je, Uislamu unamruhusu Mwislamu kumtetea Mkristo?

Unaruhusu, na mahali pengine unahimiza. Surat Al-Hajj, aya ya 40, inataja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwa mfululizo mmoja, kwamba zingebomolewa kama Mwenyezi Mungu asingewazuia baadhi ya watu kwa njia ya wengine. Aya hiyo imeungana na ile ya kabla yake, inayowapa ruhusa ya kupigana Waislamu waliodhulumiwa na kutolewa makwao. Yaani hata pale silaha zinapotajwa, kanisa linatajwa miongoni mwa vinavyohifadhiwa. Nayo Surat Al-Mumtahana, aya ya 8, inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hawakatazi Waislamu kuwatendea wema na uadilifu wale ambao hawakuwapiga vita kwa ajili ya dini wala hawakuwafukuza majumbani mwao.

Kisha kuna historia ambayo kila mtoto wa madrasa anapaswa kuijua. Yapata mwaka 615, Waislamu wa mwanzo walipokuwa wakiteswa Makka, Mtume Muhammad aliwaelekeza wahamie Uhabeshi, kwa Najashi, mfalme Mkristo. Maquraishi, kabila lililotawala Makka, walituma wajumbe wenye zawadi ili wakimbizi hao warudishwe. Ja'far bin Abi Talib alisimama mbele ya mfalme, akasoma aya za Surat Maryam, na mfalme akakataa kuwatoa. Kabla Waislamu hawajawa na mji, jeshi wala dola, walipewa hifadhi na Mkristo.

Na Ukristo je?

Mfano wa Msamaria mwema, Luka sura ya 10, umezoeleka kiasi kwamba watu hawausikii tena. Wayahudi na Wasamaria wa wakati ule walibishania hata mahali panapofaa kumwabudia Mungu, na hawakuchangamana. Yesu alimchukua Msamaria, mtu wa ibada nyingine, akamfanya kielelezo cha upendo mbele ya mwalimu wa sheria, kwa kumhudumia mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi njiani, huku kuhani na Mlawi wakipita kando.

Lakini rudi nyuma sura moja. Katika Luka 9, kijiji cha Wasamaria kinakataa kumpokea Yesu. Yakobo na Yohana wanataka kuuita moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze wanakijiji. Yesu anageuka na kukemea, na wanaokemewa ni wanafunzi wake mwenyewe. Kwa maoni yetu, mistari hiyo michache inafaa kusomwa madhabahuni kila mara kanisa linapoumizwa na waumini kuanza kuzungumzia kisasi.

Kwa Wakatoliki lipo pia Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965, linalosema kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima kwa kuwa wanamwabudu Mungu mmoja, na linalowasihi wote wayaache ya zamani na kujitahidi kuelewana. Kwa upande wa pili, mwaka 2007 wanazuoni na viongozi wa Kiislamu 138 waliwaandikia viongozi wa makanisa barua ya wazi iliyojengwa juu ya amri mbili ambazo kila Mkristo anazifahamu: kumpenda Mungu na kumpenda jirani.

Hayo ni maandiko. Kuna watu waliothubutu kweli, risasi zikiwa mlangoni?

Wapo, na ni wengi kuliko wanaotajwa.

Tarehe 21 Desemba 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha kwa risasi basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka mmoja nyuma, katika kaunti hiyohiyo, abiria 28 wasio Waislamu walikuwa wametengwa na wenzao katika basi jingine na kuuawa. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo. Wanawake waliwafunika wenzao kwa mitandio yao, na abiria wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliopigwa risasi siku hiyo. Alifariki dunia mwezi uliofuata.

Tarehe 23 Juni 2018, katika kijiji cha Nghar, jimbo la Plateau nchini Nigeria, watu wenye silaha walivamia Wakristo. Imamu Abubakar Abdullahi, mzee wa zaidi ya miaka 80, aliwaficha watu 262 nyumbani kwake na msikitini, kisha akatoka nje kuwasihi wavamizi waondoke. Alipoulizwa baadaye kwa nini alijihatarisha vile, alikumbusha kwamba miongo kadhaa nyuma Wakristo wa kijiji hicho ndio waliowapa Waislamu ardhi ya kujenga msikiti, bure. Wema wa majirani wa miaka hiyo ndio uliowahifadhi wana wao na wajukuu wao.

Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, Januari 2014, wanamgambo wa anti-balaka, wengi wao wakijiita Wakristo, walikuwa wakiwasaka Waislamu. Padri Xavier Fagba wa Boali alifungua kanisa lake na kuwahifadhi Waislamu takriban 700, ingawa baadhi ya watu wa eneo lake mwenyewe walimkasirikia. Huko Bossemptélé, Padri Bernard Kinvi alifanya hivyohivyo katika misheni yenye hospitali.

Usiku wa tarehe 24 Desemba 2000, mjini Mojokerto, Indonesia, kijana Mwislamu aitwaye Riyanto alikuwa akilinda kanisa wakati wa ibada ya Krismasi, akiwa na wenzake wa kikosi cha vijana wa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Kiislamu nchini humo. Kifurushi chenye bomu kilipogunduliwa, alikitoa nje kukiweka mbali na watu. Kikamlipukia. Vijana wa kikosi chake bado hulinda makanisa kila Krismasi.

Na kama mtu anadhani haya ni mambo ya siku hizi tu, mwaka 1860 mjini Damascus, Emir Abdelkader, aliyekuwa amepigana miaka mingi na Wafaransa nchini Algeria, aliwaokoa maelfu ya Wakristo wakati wa mauaji. Alikuwa na kila sababu ya kuwachukia Wakristo wa Ulaya, na hakuruhusu chuki hiyo imwangukie jirani asiye na kosa.

Mshambuliaji alikuwa wa dini yangu, lakini mimi sikumtuma. Kwa nini niseme chochote?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa.

Kwanza, huna hatia. Kosa ni la aliyelitenda, aliyempa fedha na aliyemfundisha. Kumdai kila Mwislamu aombe radhi kwa ajili ya Al-Shabaab, au kila Mkristo kwa ajili ya anti-balaka, ni dhuluma nyingine inayozaliwa na ile ya kwanza. Ukidaiwa hivyo una haki ya kukataa.

Lakini sauti yako ina uzito ambao yangu haina. Kijana anayeanza kuvutwa na mafundisho ya chuki hamsikilizi padri, maana ameshaambiwa kwamba padri ni adui. Atamsikiliza ustadhi wake, mjomba wake, rafiki yake wa msikitini. Vivyo hivyo, kijana Mkristo anayepanga kwenda kuchoma maduka ya Waislamu hatazuiwa na imamu. Atazuiwa na mchungaji aliyembatiza, au mama yake akisimama mlangoni.

Dini zote mbili zimeliweka jukumu hili wazi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume aliwaambia masahaba wamsaidie ndugu yao, awe anadhulumu au anadhulumiwa. Walipouliza vipi watamsaidia anayedhulumu, jibu lilikuwa kwamba wamzuie asidhulumu. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inaamuru kusimamia haki hata kama ni dhidi ya nafsi zenu, wazazi au jamaa. Kwa Wakristo, Mathayo 7 inakutaka uanze na boriti iliyo katika jicho lako kabla ya kibanzi kilicho katika jicho la ndugu yako.

Kwa hiyo tunaomba zaidi ya ile sentensi ya kawaida, "hao si Waislamu wa kweli" au "hao si Wakristo wa kweli". Inaeleweka kwa nini husemwa, na msemaji mara nyingi anasema kwa uchungu. Hata hivyo inafunga mjadala kabla haujaanza. Kama kijana alikaa nasi, akasali nasi, akapata mafundisho kwenye vikundi vyetu, tuna kazi ya kuuliza nani alimfundisha nini, na kwa nini sisi hatukumfikia mapema.

Pia kuna ushujaa wa aliyeumizwa. Tarehe 21 Aprili 2019, siku ya Pasaka, makanisa na hoteli nchini Sri Lanka vilishambuliwa kwa mabomu na zaidi ya watu 250 waliuawa. Majuma machache baadaye, magenge yalianza kuvamia nyumba na maduka ya Waislamu wasiohusika. Kardinali Malcolm Ranjith, ambaye waumini wake wengi walikuwa miongoni mwa waliouawa, aliwasihi watu hadharani wasimdhuru Mwislamu yeyote. Alisema hivyo akiwa bado na majeruhi hospitalini.

Je, mizozo hii ni ya dini kweli, au ni siasa na ardhi?

Mara nyingi ni vyote kwa pamoja. Malisho, maji, vyeo, uchaguzi na ajira huwasha ugomvi, kisha mtu mwenye maslahi anaupa jina la dini kwa sababu jina hilo hukusanya watu upesi. Ndiyo maana mazungumzo ya kidini peke yake hayatoshi pale ambapo mgogoro wa ardhi haujatatuliwa. Ila tusijifariji kwamba dini haina sehemu. Mhubiri anayewafundisha waumini kila juma kwamba wenzao ni najisi au ni mawakala wa shetani anatayarisha kazi ya mwanasiasa.

Viongozi wa dini kupiga picha pamoja kunasaidia nini?

Picha pekee, kidogo sana. Lakini ikitanguliwa na kazi, inaweza kuokoa watu.

Tazama Bangui. Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga, Imamu Oumar Kobine Layama na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou waliunda jukwaa la pamoja wakati nchi yao, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ikitumbukia vitani. Imamu alipotishiwa maisha mwishoni mwa 2013, askofu alimchukua yeye na familia yake wakaishi kwake kwa miezi kadhaa. Watatu hao walikwenda pamoja vijijini, wakakaa na wenye silaha, wakasikiliza waliopoteza watoto. Wananchi walipowaona bega kwa bega, walijua kwamba usuhuba ule ulikuwa na gharama. Imamu Kobine alifariki Novemba 2020.

Hati kubwa nazo zina nafasi yake. Tarehe 4 Februari 2019 Papa Fransisko na Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, taasisi kubwa ya elimu ya Kiislamu nchini Misri, Ahmed al-Tayeb, walitia saini Hati ya Udugu wa Kibinadamu mjini Abu Dhabi, inayokataa kulitumia jina la Mungu kuhalalisha mauaji. Hati ya namna hiyo hufaa pale imamu wa kijijini anapoambiwa na wafuasi wake kwamba amesaliti dini, akaweza kuwaonyesha kwamba hayuko peke yake. Isiposhuka hadi huko, inabaki makabatini.

Mpaka uko wapi kati ya kuhubiri na kuchochea?

Kuhubiri ni haki, na kusema kwamba dini yako ndiyo ya kweli si uchochezi. Kuikosoa imani ya mwingine kwa hoja pia si kosa. Mpaka unavukwa mhubiri anapowaelekeza watu kuwabagua, kuwadhuru au kuwafukuza wengine. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, kifungu cha 20, unazitaka nchi zipige marufuku uchochezi wa namna hiyo. Mpango wa Rabat wa mwaka 2012, ulioandaliwa na wataalamu chini ya Umoja wa Mataifa, ukaweka vipimo sita vya kuamua: mazingira, msemaji ni nani na ana nafasi gani, nia yake, maudhui na namna ya usemi, umeenea kiasi gani, na uwezekano wa madhara kutokea. Vipimo hivi vinawasaidia pia viongozi wa dini wenyewe. Maneno yaleyale yakitamkwa na mtu wa kawaida siku tulivu si sawa na yakitamkwa na sheikh au askofu mwenye wafuasi maelfu, siku moja baada ya mauaji.

Chini ya mpaka huo wa kisheria kuna eneo pana la adabu. Surat Al-An'am, aya ya 108, inakataza kuwatukana wanaoombwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Petro, katika waraka wake wa kwanza sura ya 3, anawataka Wakristo wawe tayari kueleza tumaini lao, lakini kwa upole na heshima. Mihadhara ya kejeli, ya kumfanya mtu aliye upande wa pili achekwe, huvuta umati. Hatujaona ujirani uliotengenezwa nayo.

Nimepokea kwenye WhatsApp taarifa kwamba wenzetu wameshambuliwa. Niisambaze?

Usiisambaze. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inaamuru kuhakiki habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, msije mkawadhuru watu kwa ujinga kisha mkajuta. Amri Kumi zinakataza kumshuhudia jirani uongo, na kusambaza usichokijua ni ushahidi. Picha za maiti husafiri kutoka nchi moja hadi nyingine na kupewa majina mapya ya mahali. Ukiwa na namba ya simu ya mtu mmoja unayemwamini upande wa pili, mpigie kabla ya kugusa kitufe chochote. Kama huna namba hiyo, hapo ndipo pa kuanzia kesho.

Na mtu akibadili dini?

Hapa ndipo urafiki mwingi wa kidini huvunjika, na wengi hukwepa kupazungumzia. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 18, linataja waziwazi uhuru wa kubadili dini. Wapo wanazuoni wa Kiislamu wa leo wanaosimamia uhuru huo kwa msingi wa Surat Al-Baqara, aya ya 256, kwamba hakuna kulazimisha katika dini, na wapo wanaoshikilia hukumu za zamani za fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, zinazokataza kuritadi. Familia za Kikristo nazo huwatenga na kuwafukuza watoto wanaosilimu.

Msimamo wetu ni kwamba aliyebadili dini asipigwe, asinyang'anywe watoto wala urithi kwa vitisho, asifungiwe ndani. Mzazi ana haki ya kulia na kusihi. Vilevile jumuiya iliyompokea isimtembeze jukwaani kuwadhihaki aliowaacha. Tumewahi kuona mtaa mzima uliokuwa na amani ukigawanyika kwa sababu ya tamasha moja la namna hiyo.

Naweza kuingia kwenye ibada yao?

Kuhudhuria harusi, msiba au sikukuu kama mgeni ni jambo moja, kushiriki ibada ni jingine. Muulize kiongozi wako wa dini, kisha muulize mwenyeji unatakiwa kukaa wapi na kuvaa nini. Julai 2016, baada ya Padri Jacques Hamel kuuawa akiwa madhabahuni nchini Ufaransa, Waislamu wengi walihudhuria misa ya Jumapili iliyofuata. Walikaa pamoja na wafiwa, na kila mtu alielewa walichokusudia.

Mshikamano huu unawahusu wafuasi wa dini nyingine na wasio na dini?

Ndiyo. Wakristo na Waislamu wakiungana ili kuwakandamiza wafuasi wa dini za jadi, Wayahudi, Wahindu, Wabahai au wasioamini, huo ni muungano wa wenye nguvu tu.

Wameniulia ndugu. Mnataka nisamehe?

Hatuna haki ya kukudai msamaha, na asiyefiwa asikuharakishe. Una haki ya kudai mkosaji ashtakiwe mahakamani. Tunachoomba ni kimoja: usimhesabie kosa hilo mtu ambaye hakulitenda.

Huko Kaduna, Nigeria, Mchungaji James Wuye na Imamu Muhammad Ashafa walikuwa viongozi wa makundi ya vijana yaliyopigana mwaka 1992. Wuye alipoteza mkono. Ashafa alipoteza mwalimu wake wa kiroho na binamu zake wawili. Walikutanishwa mwaka 1995, wakaanza kufanya kazi ya upatanishi pamoja, na wamesimulia wenyewe kwamba chuki ilichukua miaka kuisha, hata wakiwa tayari wanasafiri pamoja.

Tuanzie wapi?

Anzeni kukiwa na amani. Viongozi wa misikiti na makanisa ya eneo moja wabadilishane namba za simu na kukubaliana nani atampigia nani usiku. Walimu wa dini wakae pamoja na kuambiana ni mafundisho gani kuhusu dini ya mwenzao si ya kweli. Wanawake washirikishwe tangu kikao cha kwanza, maana kwao habari za vijana hufika mapema. Kazi za pamoja zenye faida kwa wote, kama kusafisha makaburi, kuchangia damu au kuchimba kisima, hujenga zaidi ya makongamano. Mwaka 2011 nchini Misri, Waislamu walikwenda makanisani usiku wa Krismasi ya Wakopti, Wakristo wa asili wa nchi hiyo, siku chache baada ya bomu kulipuka kanisani mjini Alexandria. Mwezi uliofuata, katika uwanja wa Tahrir, Wakristo walishikana mikono kuwazunguka Waislamu waliokuwa wakisali.

Nyumba ya ibada ya jirani zetu ikishambuliwa usiku wa leo, nifanye nini kwanza?

Hakikisha kwanza kama kuna watu ndani na kama kuna majeruhi, uite polisi na huduma ya dharura. Mpigie kiongozi wao, umuulize wanahitaji nini. Usiamue kwa niaba yao. Kama familia zinahofia kulala makwao, wape mahali pa kulala bila kutangaza ni wapi. Kiongozi wa dini yako atoe kauli usiku huohuo, na aielekeze kwa waumini wake. Asubuhi nendeni kwa miguu yenu, mkafagie vioo na kuzoa majivu pamoja nao. Picha zisipigwe hadi wenyewe waridhie.